Boti Iliyolala Nchi Kavu: Kazi ya Kuirudisha Majini kwa Usalama

Kusi linapokatika na bahari kuanza kutulia, wamiliki wa vyombo katika kata za mwambao wa Mafia huanza kuzitazama upya boti zilizopandishwa pwani na kufunikwa makuti. Baadhi ya boti hizo zimelala msimu mmoja tu. Nyingine zimelala miaka mitatu, minne, hata zaidi, tangu injini ilipogoma au fedha za matengenezo zilipokosekana. Zimo boti za watu binafsi, zimo za familia zilizorithi chombo bila kurithi ufundi wake, na zimo za vikundi ambavyo wanachama wake hawajakutana siku nyingi.

Boti ya faiba yenye urefu wa futi 20 hivi, pamoja na injini yake ya kupachika ya nguvu za farasi 15 au 40, ni mali kubwa kwa kaya yoyote ya pwani. Kwa mkazi wa Jibondo, Juani, Chole au Bwejuu chombo hicho ni nyenzo ya uvuvi, ni usafiri wa kufikia kisiwa kikuu na, usiku wa dharura, ndicho kinachombeba mgonjwa au mama mjamzito. Hamu ya kukirudisha majini haraka ni jambo la kueleweka. Tatizo ni pale kazi inapoanzia. Desturi iliyozoeleka ni kuvuta kamba ya injini kwanza. Ikiwaka, watu hushangilia, na kesho yake boti husukumwa baharini. Kuwaka kwa injini ufukweni huthibitisha jambo moja tu, kwamba injini inaweza kuwaka ufukweni. Yanayozimisha boti katikati ya Mkondo wa Mafia ni mengine: ubao uliooza ndani, petroli iliyolala, kipande cha mpira kisichozidi kiganja cha mkono. Hayo hayaonekani kwa kuvuta kamba.

Mwili wa boti kabla ya injini

Ukaguzi huanza boti ikiwa imeoshwa kwa maji baridi, imekauka na imeinuliwa juu ya magogo ili fundi aweze kulala chini yake na kuona mkuku. Kwa boti ya faiba, kifaa cha kwanza cha ukaguzi ni mpini wa nyundo. Fundi hugonga sehemu baada ya sehemu na kusikiliza, kama mnunuzi anavyogonga nazi sokoni. Faiba nzima hulia kwa sauti kavu na ya wazi. Mahali ambapo tabaka zimeachana au maji yameingia katikati, sauti huwa butu. Sehemu hizo huzungushiwa alama ya chaki, na hapo ndipo mwenye boti anapoanza kujua ukubwa wa kazi iliyo mbele yake.

Sehemu inayostahili muda mwingi kuliko zote ni tezi, yaani ubao wa nyuma unaobeba injini. Katika boti nyingi za faiba, ubao huo ni mbao au plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba pande zote mbili. Kwa nje hung'aa kama kawaida. Kwa ndani, maji huwa yamepenya polepole kupitia matundu ya bolti za injini, na mbao ikageuka kuwa kitu kinachofanana na ugali wa mhogo. Injini ya nguvu za farasi 40 ina uzito wa takriban kilo 70, na inapopewa moto mwingi husukuma kwa nguvu kubwa zaidi ya uzito wake. Ubao uliooza hauwezi kuhimili msukumo huo. Hupasuka, na injini huzama pamoja na kipande cha boti. Njia ya kuhakiki ni rahisi. Mtu mmoja hushika sehemu ya chini ya injini na kuitikisa juu na chini huku mwenzake akitazama tezi. Ikiwa ubao unacheza au nyufa zinafunguka pembeni, ni lazima ufunguliwe. Pale penye shaka, fundi hutoboa tundu dogo upande wa ndani: unga mkavu wenye rangi ya mbao ni habari njema, unga mweusi wenye unyevu si habari njema. Tundu hilo huzibwa siku hiyohiyo.

Kuziba tezi iliyooza kwa kupaka tabaka jipya la faiba juu yake ni kupoteza fedha. Mbao iliyooza huondolewa yote, sehemu hukaushwa, mbao mpya iliyokauka hutiwa na kufungwa kwa resini, na matundu ya bolti hupakwa resini ndani kabla ya bolti kupita. Kigumishi cha resini ya kawaida hupimwa, hakikisiwi: kati ya sehemu 1 na 2 kwa kila sehemu 100 za resini hutosha, na kwa joto la pwani kiasi cha chini ndicho kinachompa fundi muda wa kufanya kazi. Kikizidi, resini hushika moto wa ndani, hupasuka na kuwa dhaifu. Vumbi la faiba inapopigwa msasa ni hatari kwa mapafu na macho. Barakoa na miwani si anasa, na watoto wasiruhusiwe kucheza karibu.

Boti za mbao zina hekima yake, na mafundi wa Jibondo, ambao sifa yao ya kuunda vyombo inajulikana mwambao mzima, hawahitaji kufundishwa. Inatosha kukumbusha kwamba mbao iliyokaa juani hupungua na maungo hufunguka. Pamba ya kalafati ya zamani hutolewa, mpya hupigwa, kisha chombo huachwa kinywe maji katika kina kifupi kwa siku kadhaa mpaka mbao zivimbe na maungo yafunge. Anayekipeleka kina kirefu siku ya kwanza hukirudisha akifua maji njia nzima, kama atakirudisha.

Injini: usivute kamba bado

Injini nyingi zinazotumika katika mwambao ni za mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili katika petroli. Ni injini ngumu na nyepesi kutengeneza, na huenda ndiyo sababu zimependwa na wavuvi. Lakini injini iliyokaa muda mrefu karibu na bahari hupata kutu ndani ya silinda, na mvuto mmoja wa kamba kwa nguvu unaweza kuchuna ukuta wa silinda au kuvunja ringi ambazo zingeweza kuokolewa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kufungua plagi, kumimina oili kidogo kwenye kila tundu la plagi na kuiacha usiku kucha. Kesho yake gurudumu la juu huzungushwa taratibu kwa mkono. Likizunguka bila kukwama, kazi inaweza kuendelea. Likigoma, lisilazimishwe, hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Fundi huyo akiwa na kipimo cha mgandamizo, apime silinda zote. Namba yenyewe hutofautiana kati ya injini na injini, ila silinda mbili za injini moja zikitofautiana kwa zaidi ya moja ya kumi, kuna ringi, pistoni au gasketi inayohitaji kuangaliwa kabla fedha nyingine haijatumika.

Kisha huja pampu ya maji, na hapa ndipo injini nyingi hufia. Ndani ya mguu wa injini mna impela, kigurudumu cha mpira chenye mapezi, kinachovuta maji ya bahari na kuyapandisha juu kupoza silinda. Injini ikilala, mapezi hayo hubaki yamekunjwa upande mmoja, hukakamaa na hupasuka. Impela iliyochoka huweza kutema maji kidogo ufukweni na kushindwa kabisa boti inapobeba mzigo. Injini inapopata joto kupita kiasi, pistoni hushikana na silinda, na gharama ya kuirejesha huweza kukaribia bei ya injini nyingine kuukuu. Ukilinganisha na hasara hiyo, bei ya impela ni ndogo. Kwa boti iliyokaa zaidi ya mwaka mmoja, impela ibadilishwe hata kama inaonekana nzima, na mapezi yaliyokatika ya ile ya zamani yatafutwe mpaka yapatikane yote, kwa sababu kipande kimoja kilichobaki ndani huziba njia ya maji. Njia hizo pia husafishwa chumvi, na themostati huangaliwa. Wapo wanaoitoa themostati na kuitupa ili injini "ipoe zaidi". Injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno huchoma mafuta vibaya na kuchakaa mapema.

Injini isiwashwe kamwe bila maji, hata kwa "kusikia mlio tu". Impela kavu huharibika ndani ya muda mfupi sana. Pipa lililojazwa maji hadi kufunika matundu ya kuvutia maji kwenye mguu wa injini latosha kwa majaribio, propela ikiwa imetolewa.

Oili ya gia iliyo chini ya mguu wa injini ndiyo inayotoa siri ya miaka iliyopita. Skrubu ya chini ikifunguliwa, oili ikatoka nyeusi, ni uchakavu wa kawaida. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kupitia sili. Kubadilisha oili peke yake hakutoshi. Sili zibadilishwe, la sivyo gia zitaliwa na kutu. Propela itolewe, na uzi wa kuvulia uliojisokota kwenye mhimili uondolewe, maana mara nyingi uzi huo ndio uliokata sili. Kipande cha zinki kilichofungwa kwenye mguu huwekwa kiliwe na chumvi badala ya injini. Kikibaki nusu kibadilishwe, na kisipakwe rangi.

Petroli

Petroli huchacha. Ikikaa miezi kadhaa hupoteza nguvu na kuacha gundi ndani ya kabureta, na petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili haisalimiki zaidi ya nyingine. Yote iliyolala kwenye tangi itolewe. Isimwagwe mchangani wala baharini. Ipelekwe kwa fundi au mahali panapopokea mafuta machafu. Tangi huoshwa, mpira wa mafuta hukaguliwa kwa kukunjwa (ukionesha nyufa haufai), na kile kibofu cha kusukumia mafuta kwa mkono kinapaswa kuwa kigumu baada ya kubanwa mara chache. Kikibaki laini, hewa inaingia mahali fulani. Kabureta hufunguliwa na kusafishwa matundu yake madogo, ambayo nywele moja inaweza kuyaziba. Chujio huwa jipya.

Uwiano wa oili huzua mabishano mengi kuliko jambo lingine lolote pwani. Injini nyingi za mipigo miwili hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani lita 1 ya oili kwa lita 50, au mililita 400 kwa dumu la lita 20. Zipo za zamani zinazotaka zaidi, hivyo kibao kilichobandikwa kwenye injini au kitabu chake ndicho kifuatwe. Injini iliyotiwa ringi au pistoni mpya huanza na oili maradufu mpaka vyuma vizoeane. Kupunguza oili ili kuokoa shilingi chache ni kuunguza pistoni. Kuiongeza kwa kubahatisha ni kuchafua plagi na kuzimikiwa safarini. Oili itumike ile iliyotengenezwa kwa injini za boti, kwa sababu injini hizi hupozwa kwa maji na hufanya kazi kwa mzigo wa kudumu, tofauti na pikipiki.

Hesabu kabla ya kununua spea

Si kila boti inastahili kurudi majini. Ukaguzi wa tezi, mkuku, silinda na gia hugharimu siku mbili za fundi, na kwa siku hizo mwenye boti hupata orodha kamili ya mahitaji kabla ya kununua chochote. Orodha hiyo ikionesha tezi iliyooza, mkuku uliovunjika na injini iliyoshikana kwa pamoja, ni busara kuuza kinachouzika. Ikionesha mwili mzima na injini mbovu, au injini nzima na mwili mbovu, matengenezo kwa kawaida hulipa. Anayenunua injini kuukuu ahakikishe namba yake ya utambulisho haijakwanguliwa na adai hati ya mauziano yenye namba hiyo. Injini za kupachika huibwa, na mnunuzi wa mali ya wizi huipoteza mali na fedha.

Vikundi vinahitaji hesabu ya aina nyingine. Boti ya kikundi mara nyingi haikuuawa na bahari. Iliuawa na swali la nani anunue impela. Kabla ya kutengeneza, wanachama waandike nani anawajibika kwa injini, ni fungu gani la kila safari linawekwa kwa matengenezo na nani anashika daftari. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyofikiria kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, unaogawanywa kwa uwiano wa 4, 4 na 2, huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Orodha ya fundi na daftari la kikundi ni viambatisho vyenye nguvu kuliko maelezo marefu. Kikundi chenye deni la zamani lililotokana na boti hiyohiyo kilitaje mapema, lisije likagunduliwa katikati ya maombi.

Nyaraka

Boti iliyolala miaka kadhaa huwa imelala pamoja na karatasi zake. Leseni ya chombo cha uvuvi ni ya mwaka, na chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 chombo hakiruhusiwi kuvua bila usajili na leseni. Mwenye boti afike ofisi ya uvuvi akiwa na kadi ya zamani ya usajili ikiwepo, kitambulisho chake, na namba ya injini. Ikiwa mmiliki aliyesajiliwa amefariki dunia, barua ya usimamizi wa mirathi huhitajika. Ikiwa boti iliuzwa, hati ya mauziano. Familia nyingi hukwama hapa, chombo kikiwa tayari kimepakwa rangi mpya, kwa kuwa jina lililo kwenye kadi ni la babu. Ni vyema karatasi zikaanza kushughulikiwa siku ileile fundi anapoanza kugonga faiba.

Usalama wa chombo chenyewe uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ambalo hukagua vyombo vidogo na kutoa vyeti. Boti inayobeba abiria haiwezi kujificha nyuma ya leseni ya uvuvi. Ni shughuli mbili tofauti. Wakazi wa vijiji vilivyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, wakumbuke pia kwamba maeneo yake yamegawanywa kwa kanda za matumizi, na zana inayoruhusiwa kanda moja inaweza kukatazwa nyingine. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na kupewa risiti. Fedha taslimu asipewe mtumishi yeyote mkononi.

Siku ya majaribio

Boti iliyopandishwa juu sana hushuka kwa urahisi maji ya bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Kwa majaribio ya injini, hata hivyo, maji mafu ni bora, kwa kuwa mkondo huwa dhaifu na injini ikizima boti haichukuliwi mbali. Anayeweza ashushe boti kwenye bamvua, aifunge nangani siku chache akiangalia kama inavuja, kisha afanye majaribio maji yanapokuwa mafu. Siku chache hizo si za kupotea. Kizibo cha tundu la kutolea maji nyuma ya boti hukaguliwa kabla ya boti kugusa maji. Wengi wamekikumbuka maji yakiwa magotini.

Safari ya kwanza iwe ya watu wawili, mbele ya kijiji, mchana, pamoja na chombo kingine karibu. Injini ifungwe kwa bolti na kwa mnyororo wa akiba. Dakika kumi za mwanzo ni za mwendo mdogo, macho yakiwa kwenye maji yanayotemwa na injini: yakikatika, injini izimwe papo hapo, si baada ya kufika. Moto uongezwe kidogo kidogo. Baada ya nusu saa injini izimwe na kuwashwa tena ikiwa ya moto, kwa sababu zipo injini zinazowaka vizuri zikiwa baridi na kugoma zikiwa na joto, na huo ni ugonjwa wa kuugundua ukiwa unauona mnazi wa kwenu. Tezi, bolti na mipira ya mafuta huangaliwa upya boti inaporudi.

Ndani ya boti kuwe na jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, limevaliwa. Makasia, nanga na kamba ndefu, upo wa kufulia maji, tochi, filimbi, na simu iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Plagi za akiba na spana yake hukaa kwenye kopo lenye mfuniko, pamoja na pini ya propela kwa injini zinazoitumia na kamba ya kuwashia. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa zisikilizwe kabla ya kung'oa nanga. Namba ya dharura ya kitaifa ni 112, lakini mtandao wa simu haufiki kila mahali mkondoni. Kwa hiyo kila nahodha aache kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha kijiji, au kwa mtendaji, idadi ya watu aliowabeba, mahali anakoelekea na saa anayotarajia kurudi.

Kila boti inaporudi pwani, injini iendeshwe dakika kumi ndani ya pipa la maji baridi ili chumvi itoke kwenye njia za kupozea. Mahali ambapo maji baridi ni ya kununua au ya kuchota mbali, maji hayo yanaweza kutumika tena siku mbili tatu kabla ya kubadilishwa, mradi yaonjwe: yakishaanza kuwa na chumvi, hayafai tena kwa kazi hiyo.